Kinachookoa mbegu za fahali huangamiza za beberu

KILA mara kaunti inapozindua mpango wa kuwapunguzia wafugaji gharama ya uhimilishaji, maswali yanayosikika uwanjani huwa ni yale yale. Huduma itagharimu shilingi ngapi? Mbegu ni za fahali wa aina gani? Mamaye fahali huyo alikuwa akikamuliwa lita ngapi kwa siku? Swali la nne, ambalo kwa mfugaji mdogo lina uzito kuliko hayo yote, huulizwa kwa nadra: je, mbegu hizo zitatunga mimba?

Uhimilishaji, ambao wafugaji wengi nchini huuita AI, ni njia ya kumpandisha jike kwa mbegu zilizovunwa na kuhifadhiwa, bila dume kuletwa bomani. Faida zake hazina ubishi. Fahali mmoja anaweza kupata maelfu ya ndama katika maboma asiyowahi kuyakanyaga, na magonjwa ya uzazi yanayoenezwa na fahali wa kuazimana hupungua.

Hata hivyo, huduma hiyo isipofaulu, hasara humwangukia mfugaji peke yake. Ng'ombe asiyeshika mimba hurejea kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Katika muda huo mwenye boma hulisha mnyama asiyemwahidi ndama wala maziwa, kisha hulazimika kumwita tena mtaalamu na kulipa upya. Hali hiyo ikijirudia mara mbili au tatu, lawama hugawanywa kwa mazoea: mtaalamu alichelewa, ng'ombe ni tasa, ama mwenyewe hakuutambua wakati wa joto.

Mara nyingi mojawapo ya sababu hizo huwa ya kweli. Lakini utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miaka 80 katika mabara mbalimbali unaonyesha kwamba yupo mshukiwa mwingine anayesahaulika. Naye ni yale majimaji yanayozibeba mbegu za kiume, na hasa protini zilizomo ndani yake. Kuelewa tabia ya protini hizo ni muhimu kwa Kenya wakati huu ambapo huduma ya uhimilishaji inatoka kwa ng'ombe wa maziwa na kuelekezwa pia kwa mbuzi, na siku zijazo huenda kwa ngamia.

KOTI LA MBEGU

Shahawa za mnyama dume zina sehemu mbili. Ya kwanza ni mbegu zenyewe, ambazo hutengenezwa katika korodani na kukomaa ndani ya mrija mrefu uliojikunja kando ya korodani hizo. Ya pili ni majimaji yanayotoka hasa katika tezi kadhaa zilizo ndani ya mwili na kukutana na mbegu dakika ya mwisho, dume anapopanda. Kwa muda mrefu majimaji hayo yalichukuliwa kuwa chombo cha kusafirishia tu, mithili ya mto unaobeba mtumbwi.

Dhana hiyo imebadilika. Pindi mbegu zinapokutana na majimaji, protini hujibandika juu yake na kuuvika utando wa nje koti jipya. Koti hilo huchangia mambo mengi: jinsi mbegu itakavyostahimili baridi, jinsi itakavyokabiliana na kinga ya mwili wa jike, jinsi itakavyojishikiza ndani ya mirija ya uzazi ikisubiri yai la jike, na wakati itakapopata nguvu za kulipenya yai hilo.

Kwa upande wa ng'ombe, kundi kubwa zaidi la protini hizo limechunguzwa kwa miongo kadhaa na Puttaswamy Manjunath na wenzake katika Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada. Protini zenyewe hujulikana kwa kifupi kama BSP, na peke yake hufikia takriban nusu ya protini zote zilizo katika majimaji ya shahawa za fahali. Hujishikiza kwenye mafuta yanayoujenga utando wa mbegu, kisha huondoa sehemu ya kolesteroli iliyomo.

Kupungua kwa kolesteroli ni hatua ya lazima katika safari ya mbegu. Pasipo hatua hiyo mbegu haiivi, yaani haipati uwezo wa kutunga mimba, hata ikiwa na mwendo wa kasi kiasi gani. Aidha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walionyesha kwamba protini hizo hizo huisaidia mbegu kujishikiza kwenye kuta za mirija ya uzazi ya ng'ombe, mahali ambapo huweza kusubiri ikiwa hai mpaka yai litoke.

Kutokana na maelezo hayo, mtu angedhani kwamba kadiri protini zinavyozidi ndivyo mbegu zinavyokuwa bora. Mambo hayako hivyo. Ng'ombe anapopandwa na fahali kwa njia ya kawaida, mbegu na majimaji hukaa pamoja kwa muda mfupi. Mbegu huogelea kupitia ute wa shingo ya mji wa mimba na kuyaacha majimaji nyuma. Protini huwa zimefanya kazi yake na kubaki nje.

Katika chupa ya maabara hakuna shingo ya mji wa mimba ya kuzitenganisha. Mbegu na protini hubaki pamoja kwa saa kadhaa, na protini huendelea kuchomoa kolesteroli na mafuta mengine bila kikomo. Utando hudhoofika, na baridi inapoingia hupasuka. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako; mbegu za fahali huathiriwa na majimaji yaliyotoka katika mwili wa fahali yule yule.

MLINZI ASIYEJULIKANA

Tiba ya tatizo hilo ilipatikana kabla ya tatizo lenyewe kueleweka. Mwaka 1939, Paul Phillips wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitangaza kwamba shahawa za fahali zikichanganywa na kiini cha yai la kuku, mbegu hudumu muda mrefu zaidi. Mwaka uliofuata, yeye na Henry Lardy walichapisha maelezo kamili ya mchanganyiko huo. Mnamo 1949, watafiti wa Uingereza Polge, Smith na Parkes waligundua kwamba gliserini huzikinga mbegu zinapogandishwa. Kiini cha yai na gliserini vikawa nguzo mbili za biashara kubwa ya mbegu ambayo leo huzisafirisha ndani ya mitungi ya naitrojeni ya majimaji, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri.

Kenya haikuachwa nyuma. Kituo cha uhimilishaji kilianzishwa Lower Kabete, pembezoni mwa Nairobi, mwaka wa 1946. Ndicho hicho ambacho mwaka 2011 kiligeuzwa kuwa shirika la serikali linalojulikana kwa kifupi kama KAGRC, lenye jukumu la kuzalisha na kuhifadhi mbegu za mifugo. Maelfu kwa maelfu ya ng'ombe wa maziwa wanaokamuliwa katika nyanda za juu ni uzao wa mbegu zilizohifadhiwa kwa kanuni hiyo ya kiini cha yai.

Ajabu ni kwamba kwa takriban miaka 60 kanuni hiyo ilitumika bila sababu yake kujulikana barabara. Wapo waliofikiri yai ni chakula cha mbegu. Wengine walidhani mafuta yake huifunika mbegu kama blanketi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambapo maabara ya Manjunath ilitoa jawabu lenye ithibati. Ndani ya kiini cha yai mna chembechembe zilizoungana kwa mafuta na protini. Chembechembe hizo hukamata protini za BSP na kuzifunga, zisipate nafasi ya kuendelea kuubomoa utando wa mbegu. Protini za maziwa ya ng'ombe, ambayo pia hutumika kuhifadhia mbegu, zilionekana kufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Kwa maneno mengine, yai halikuwa likiilisha mbegu. Lilikuwa likiilinda dhidi ya majimaji yake yenyewe.

YAI LAGEUKA SUMU

Ikiwa jambo hilo lingeishia hapo, kazi ya wataalamu ingekuwa rahisi. Wangechukua kanuni iliyofaulu kwa fahali na kuipeleka kwa madume wengine wote. Hilo ndilo lililojaribiwa kwa mbuzi, na matokeo yakawa kinyume.

Majimaji ya shahawa za beberu yana kimeng'enya kinachotoka katika tezi mbili ndogo zilizo karibu na mzizi wa uume. Mwaka wa 1957, mtafiti A. Roy alieleza katika jarida la Nature kwamba kimeng'enya hicho hukigandisha kiini cha yai. Miaka michache baadaye, Iritani na Nishikawa wa Japani waliendeleza uchunguzi huo. Ilibainika kwamba kimeng'enya huyavunja mafuta ya yai yanayoitwa lesithini, na mabaki yanayotokana na kuvunjwa huko huyeyusha utando wa mbegu na kuziua. Kile kinachomwokoa fahali ndicho kinachomwangamiza beberu.

Maziwa nayo hayakuwa kimbilio salama. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Ufaransa walitambua protini nyingine kutoka tezi zizo hizo za beberu, ambayo huyashambulia mafuta yaliyo ndani ya maziwa na kuzalisha asidi inayodhuru mbegu. Hivyo basi, beberu hubeba silaha mbili: moja dhidi ya yai, nyingine dhidi ya maziwa.

Njia iliyozoeleka ya kuepuka balaa hiyo ni kuziosha mbegu. Shahawa hukorogwa katika mchanganyiko maalumu, huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi mbegu zitue chini, kisha majimaji humwagwa. Kazi iliyofanywa na Corteel nchini Ufaransa katika miaka ya 1970 ilionyesha manufaa ya kuyaondoa majimaji kabla ya kugandisha. Lakini kuosha kuna gharama yake. Kunahitaji mashine, umeme usiokatika na mikono yenye ujuzi, na baadhi ya mbegu hupotea ama kujeruhiwa katika mzunguko huo. Ndiyo maana maabara nyingine huchagua kupunguza sana kiasi cha kiini cha yai badala ya kuosha.

Kondoo, ambaye hulala zizi moja na mbuzi, ana kanuni nyingine tena. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Zaragoza nchini Uhispania walionyesha kwamba mbegu za kondoo dume zilizoumizwa na baridi ya ghafla zikirudishiwa protini za majimaji yake, utando wake huweza kupata nafuu. Yaani kile ambacho mtaalamu wa mbuzi hukimwaga, mtaalamu wa kondoo huenda akakihitaji.

Nguruwe naye ana la kwake. Zaidi ya robo tatu ya protini za majimaji ya nguruwe dume ni za jamii moja inayoitwa spermadhesini. Baadhi yake huzilinda mbegu zinapochanganywa na kimiminika kingi. Hata hivyo, katika mmwago mmoja wa dume huyo huyo, mbegu za sehemu ya mwanzo huvumilia ubaridi kuliko zile zilizooga majimaji ya sehemu ya mwisho. Ndiyo maana wanaogandisha mbegu za nguruwe hujali sana ni sehemu ipi ya mmwago inayokusanywa.

Ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe: wanyama wanne wanaoweza kupatikana katika shamba moja la ekari mbili, na kila mmoja anadai kanuni yake.

NGAMIA NA PROTINI YA NEVA

Mfano unaoonyesha wazi zaidi nguvu za protini hizi uko kaskazini mwa nchi. Ngamia jike hatoi yai kila baada ya siku kadhaa kama afanyavyo ng'ombe. Husubiri hadi apandwe. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ni kitendo chenyewe cha kupandwa kinachomchochea. Mwaka 1985, watafiti wa Uchina walionyesha kuwa majimaji ya shahawa ya ngamia wa nundu mbili, hata yakiingizwa bila dume, huchochea kutoka kwa yai.

Mnamo 2012, kundi la watafiti lililoongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, likaitambua protini inayohusika kwa kumchunguza llama, jamaa ya ngamia anayefugwa Amerika Kusini. Walikuta ni ile ile iliyokwisha kujulikana kwa kazi ya kukuza neva, ambayo uvumbuzi wake ulikuwa miongoni mwa kazi zilizotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Protini hiyo huingia katika damu ya jike na kuuchochea ubongo kutoa amri ya yai kuachiliwa.

Maana yake kwa uhimilishaji ni nzito. Anayeziosha mbegu za ngamia na kuyamwaga majimaji humwaga pia ujumbe unaomfanya jike atoe yai. Ni lazima basi amdunge jike sindano ya homoni kufidia ujumbe huo. Na bado liko tatizo la pili. Shahawa za ngamia ni nzito na zenye kunata kiasi kwamba mbegu hunaswa ndani yake na hazichanganyiki vizuri na dawa za kuhifadhia. Miongoni mwa mbinu zilizojaribiwa kuzilainisha ni kutumia papaini, kimeng'enya kinachotokana na utomvu wa papai, kisha kukizima haraka kabla hakijaanza kuzishambulia mbegu zenyewe.

Si mambo ya mbali hayo. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban ngamia milioni 4.6 nchini Kenya. Ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2, wengi wao wakiwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ukazifanya jamii zaidi za wafugaji kumtazama ngamia kama kinga. Samburu, kaunti ambayo fahari yake ilikuwa ng'ombe, imekuwa na mpango wa kuwagawia wakazi ngamia. Siku Kenya itakapotaka kuboresha kizazi cha ngamia hao kwa uhimilishaji, haitaweza kuazima kitabu cha ng'ombe cha Kabete na kukipeleka Marsabit bila kukibadilisha.

JE, FAHALI BORA ANAWEZA KUTAMBULIWA MAPEMA?

Swali jingine linalowashughulisha watafiti ni iwapo protini hizi zinaweza kumtambulisha dume mwenye uwezo mkubwa wa kutunga mimba. Tatizo lililopo linajulikana: mafahali wawili wanaweza kuwa na mbegu zenye wingi na mwendo unaolingana chini ya hadubini, lakini mmoja akawa anatunga mimba nyingi na mwenzake chache.

Mwaka 1993, Killian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha uchunguzi uliotenga protini nne katika majimaji ya shahawa za mafahali wa maziwa. Mbili zilionekana kwa wingi zaidi kwa mafahali wenye uzazi mzuri, na mbili kwa wale wenye uzazi hafifu. Mojawapo ya zile njema ilikuja kutambuliwa kuwa ostiopontini, ambayo hupatikana pia katika mifupa. Mwaka 2006, Arlindo Moura na wenzake walitoa matokeo mengine yaliyounganisha ostiopontini na baadhi ya protini za BSP na uzazi mzuri, na protini nyingine ya jamii ya spermadhesini na uzazi hafifu.

Matokeo hayo yanatia moyo, ila yanastahili kusomwa kwa tahadhari. Protini kuonekana pamoja na uzazi mzuri si uthibitisho kwamba ndiyo inayouleta. Isitoshe, mwaka wa 1974 Amann na Griel walionyesha kwamba mbegu za fahali zilizochukuliwa kutoka mrija wa kando ya korodani, kabla ya kuyagusa majimaji, zinaweza kutunga mimba zikitumika katika uhimilishaji. Ina maana kwamba protini za majimaji huongeza ama kupunguza nafasi ya mbegu, lakini si kwamba hakuna mimba pasipo hizo. Mfanyabiashara atakayekuja kesho akidai kwamba ana kipimo kimoja cha protini kinachomtenga fahali bora na fahali duni anafaa kuulizwa maswali mengi kabla ya kulipwa.

YA MSINGI KWANZA?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya nchi tajiri. Watasema, na kwa haki, kwamba mfugaji wa Kinangop au Kericho hupoteza mimba nyingi zaidi kwa sababu ya mambo ya kawaida: kutotambua joto, kumwita mtaalamu saa zimepita, mtungi ulioishiwa na naitrojeni, au mbegu kuyeyushwa kwa maji ya kukisia badala ya maji ya nyuzi 35 hadi 37. Kuwaza protini ilhali mtungi mtupu ni kupaka rangi nyumba isiyo na paa.

Hoja hiyo ina mashiko kwa ng'ombe, kwa kuwa kanuni ya kuhifadhi mbegu zake ilikwisha kupatikana na kazi iliyobaki ni kuifuata. Lakini haina nguvu ile ile kwa mbuzi na ngamia. Kwao, protini za majimaji ndizo kizingiti cha kwanza. Maabara isipokivuka, hata mtungi uliojaa naitrojeni utahifadhi mbegu zilizokufa, na mtaalamu hodari atapandisha maji matupu.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika hesabu ya mifugo. Sensa ya 2019 iliorodhesha takriban mbuzi milioni 28 nchini. Tangu miaka ya 1990, miradi ya mbuzi wa maziwa katika maeneo ya Mlima Kenya, ikiwemo ile ya aina ya Toggenburg huko Meru na German Alpine huko Nyeri, ilithibitisha kwamba familia yenye kishamba kidogo inaweza kuinuka kwa mbuzi wawili au watatu. Miradi hiyo iliegemea zaidi mabeberu waliowekwa vijijini. Beberu wa kijiji asipobadilishwa kwa wakati huishia kuwapanda binti zake. Uhimilishaji ndio njia ya kuingiza damu mpya bila kuagiza mnyama mzima kutoka ng'ambo, lakini ni pale tu mbegu zitakapofika zikiwa hai.

SERA INAPASWA KUFANYA NINI

Historia ya huduma hii nchini inaonyesha jinsi maamuzi ya fedha yanavyoweza kuufunika ushauri wa kitaalamu. Mwaka 1966 serikali, ikisaidiwa na Uswidi, ilianzisha huduma ya kitaifa iliyofika vijijini kwa bei nafuu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, mzigo ulihamishiwa watu binafsi, na wafugaji wengi wakarudi kwa fahali wa jirani. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti zilirithi jukumu hilo, na baadhi zimelifufua kwa ruzuku. Ruzuku ni jambo jema. Ila ruzuku hupunguza bei ya kujaribu. Haiongezi nafasi ya kufaulu.

Jambo la kwanza linalohitajika halina gharama kubwa. Kila mtaalamu wa uhimilishaji hubakia na kumbukumbu za ng'ombe aliompandisha na fahali aliyetumika. Kumbukumbu hizo zikikusanywa na kaunti, zikaonyesha ni ng'ombe wangapi walirejea kwenye joto kwa kila fahali, nchi itapata kipimo cha uzazi ambacho hakuna maabara inayoweza kukishinda. Orodha za mafahali humwambia mfugaji habari nyingi za maziwa na umbo la kiwele. Afaa pia kuambiwa ni mara ngapi mbegu za fahali huyo hushika.

La pili ni utafiti wa hapa hapa. Kiasi na ukali wa protini za beberu na kondoo katika nchi za baridi hubadilika kulingana na majira, kwa kuwa wanyama hao hupandana zaidi siku zinapofupika. Kwenye ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mvua, joto na malisho. Kanuni iliyopimwa Ufaransa kwa beberu wa msimu wa kupukutika majani haiwezi kuchukuliwa kuwa sahihi kwa Galla wa Isiolo mwezi Februari. Kazi hiyo ya kupima ni ya KAGRC, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, pamoja na vyuo vikuu vyetu vyenye vitivo vya mifugo.

La tatu ni lishe ya madume. Tezi zinazotoa majimaji hutegemea homoni za kiume na huathirika mnyama anapokosa chakula cha kutosha. Mann na Walton waliligundua hilo nchini Uingereza mwaka 1953 walipomnyima fahali sehemu ya chakula chake: utendaji wa tezi ulishuka. Kikundi cha wafugaji kinachomweka beberu wa kijiji na kumlisha makombo ya malisho ya majike kinajipunja chenyewe.

La mwisho linahusu zabuni. Kaunti inaponunua vifaa vya kuanzisha uhimilishaji wa mbuzi, haitoshi kuagiza mitungi na mirija ile ile ya ng'ombe kwa idadi kubwa zaidi. Ni lazima mkataba utaje namna mbegu za beberu zilivyooshwa au kiasi cha yai kilichotumika, na utaje pia kiwango cha mbegu hai baada ya kuyeyushwa, kipimwe mbele ya afisa wa mifugo wa kaunti kabla ya malipo. Hadubini ya kufanyia kazi hiyo ni rahisi kuliko gari moja la mradi. Kaunti isiyoweza kupata majibu ya maswali hayo kutoka kwa anayeiuzia mbegu heri iendelee na beberu wa kijiji, mradi imbadilishe kila baada ya muda, kuliko kumuuzia mwananchi matumaini yaliyogandishwa.